Muuza Mikono wa Ikeja

Muuza mikono ya roboti pale sokoni Ikeja hamuulizi mteja ana pesa kiasi gani. Anauliza mkono utanyanyua nini, kisha anakipima kitu chenyewe kiganjani, na wenzake wanaapa kwamba kiganja hicho kiliwahi kupima hata chafya. Mteja mmoja, Ronke, alimletea kijiko. “Cha mama. Amepooza, hawezi kujilisha.” Muuzaji akafungua visanduku taratibu, akivipuliza kama anapoza uji. Mkono wa plastiki akauweka kando, kwa kuwa unatetemeka. Wa chuma akaukaza skrubu, akaushikisha kijiko cha maji, na tone halikumwagika.

“Mama anapenda chakula gani, dada?”

“Eba na supu ya bamia.”

Akacheka kidogo. “Eba ni ugali wa muhogo, unamegwa kwa vidole, na bamia itavutika kutoka hapa mpaka Ibadan. Kwani nyumbani mko wangapi?”

“Watano, ukimtoa mama,” alisema Ronke, na papo hapo akatamani angedanganya kwamba yuko peke yake.

Muuzaji aliurudisha mkono wa chuma kisandukuni. Alikifuta kijiko kwa ncha ya shati, akamrudishia kwa mikono miwili, na Ronke akakipokea macho yakiwa chini.