Kaburi Lake Liko Uani, Ila Sauti Yake Mmeifungia

Wewe mwanangu, najua unafuata hii peji, unasoma visa vya watu ukiwa kazini badala ya kufanya kazi. Leo soma cha kwenu. Na usijifanye hunijui eti kwa sababu admin ameficha jina langu.

Nyinyi wengine, hamjambo. Mimi ni bibi wa miaka sitini na sita, naishi Gumbo, hapa Juba. Shule niliishia darasa la tatu, Kiswahili nilikipata ukimbizini Kenya, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi aende akasahihishe watoto wake. Nakaa na mwanangu, mke wake wa pili ambaye ni Mganda, na mjukuu wangu nitakayemwita Keji. Mama yake Keji alifariki mtoto hajaota hata jino. Sasa Keji ana miaka minane.

Marehemu tulimzika hapa hapa uani, kama tunavyozika watu wetu. Kaburi lina saruji, liko karibu na tangi la maji. Mke mpya anaanika nguo pale kila siku na hajawahi kulalamika. Likumbukeni hilo.

Mwanangu alikuwa na ugonjwa wa kurekodi. Mkewe akipika, anarekodi. Akimwogesha mtoto, anarekodi. Baadaye akahamishia yote kwenye hadi-diski, kile kidude cha kuhifadhia video, pamoja na filamu zake na katuni, akaichomeka kwenye kile kiboksi cha Wi-Fi. Akaniambia, "Mama, sasa TV yoyote hapa nyumbani, simu yoyote, unafungua tu unaangalia. Hata bando hutumii." Akanifundisha, nikajua.

Alipooa tena, video za marehemu zikapotea kwenye TV na kwenye simu anayochezea Keji. Nikadhani mtambo umeharibika. Kumbe amezifungia! Simu yangu ndiyo aliisahau, maana nani anafikiri bibi anafungua kitu? Nilipomuuliza akasema, "Usimwonyeshe mtoto, ataumia." Nikamtii. Nikawa nazirusha kutoka simu yangu kwenda TV ndogo ya chumbani, naangalia peke yangu. Hilo la kumtii ndilo ninalojutia. Mengine yote sijutii.

Jumapili iliyopita wakaja shangazi wawili wa mke, kutoka Uganda. Niliwasalimia, nikarudi chumbani kupumzika. Nikafungua video kwenye simu, zikatokea TV mbili za kuchagua, nikabonyeza. TV yangu kimya. Nikabonyeza tena, nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Mara namsikia marehemu anapiga kelele sebuleni mpaka kuku wanakimbia uani.

Nikatoka mbio. Kwenye TV kubwa yuko yeye, anasonga asida, ugali wetu, kajifunga kitenge changu, anamgombeza mwanangu: "Wewe, acha kunichukua, nywele sijasuka! Njoo ushike mtoto!" Shangazi mmoja soda imesimama njiani, haijafika mdomoni. Mwanangu anatafuta rimoti chini ya mito. Na Keji amesimama katikati na sinia la karanga.

"Habuba," akaniuliza mimi bibi yake, "huyo ni nani?"

Kabla sijajibu, marehemu akacheka. Yeye alikuwa anacheka kwa kukoroma kidogo puani. Keji naye hucheka hivyo hivyo, na hapa nyumbani tunamtania, tunamwita kinguruwe. Mtoto akaweka sinia chini.

"Anacheka kama mimi," akasema.

Mwanangu akazima. Shangazi akapata mdomo wake: "Eh! Kumbe mtoto wetu mmemuoa kwenye nyumba yenye mwenyewe!"

Nikamwambia, "Ndiyo, na umepita kaburi lake ukienda kunawa mikono. Mbona pale hukushtuka?"

Wageni walipoondoka mwanangu akanijia juu. "Mama, umeniaibisha. Jumamosi nafuta zote. Yamepita, khalas." Nikasema malesh, yaani samahani, kwa ajili ya wageni, maana kidole ndicho kilikosea. Lakini kufuta? Nikaenda kwenye kile kiboksi, nikachomoa hadi-diski akiniona, nikaitia kwenye sanduku langu la chuma, ufunguo uko hapa kifuani. Tangu siku hiyo nyumba haina filamu, haina katuni.

"Mama, sasa tutaangalia nini?"

"Angalia mbuzi."

Jana mke akaja chumbani kwangu, akakaa chini kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akasema taratibu, "Mama, mimi kaburi siogopi. Mimi iko naogopa hiyo sauti. Keji ananiita mama. Akimsikia mwenzangu, mimi nitabaki nani?"

Huyu ndiye aliyekaa na Keji wakati wa malaria, ndiye anayemsuka. Simchukii. Lakini hofu yake si sababu ya mtoto kukua bila kujua kicheko chake kimetoka wapi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akalia. Akaenda kuanua nguo pale kaburini.

Basi, nyinyi wa kwenye peji, msinishauri niombe msamaha, na msiniandikie eti wazee tusiingilie ndoa za watoto. Nishaurini jambo moja tu: hadi-diski inatolewaje nakala? Nichomeke wapi, nibonyeze nini, kwa maneno ya mtu wa darasa la tatu. Nataka nakala mbili, moja ya Keji na moja ya sanduku langu. Andikeni kabla ya Jumamosi.

Na wewe mwanangu, Jumamosi utarudi mapema. Diski nitaichomeka mimi mwenyewe, wewe utafungua ulichofunga. TV kubwa itawaka, mkeo atakaa katikati, Keji mapajani pake, na wewe utashika kamera uwarekodi hao wawili wakiangalia. Ukimaliza, hiyo nayo uiweke humo humo kwenye diski.