Kisanduku cha Njano Msituni

Kwa miaka kumi na tisa Vendulka alipaka rangi ya njano, njano tu. Katika karakana ya ramani ya Mzee Kubát, mjini Praga, kila mwanamke alikuwa na rangi yake na brashi yake, na karatasi ilipita mezani kutoka mkono hadi mkono. Njano ilikuwa jeshi la kaisari wao. Apolena, jirani yake wa kulia, alipaka samawati, yaani Waprusi, adui wa kaisari, na uchokozi haukumwisha.

"Leo nimekuzingira tena, shoga. Salimu amri!"

"Funga domo, Mprusi. Umedondosha rangi mtoni."

Mwaka wa kumi baada ya vita vya kaisari na Waprusi ikaja kazi ya Meja Strachota, mstaafu aliyekuwa akiandika kitabu: nakala mia tatu za ramani ya vita vile, pamoja na picha za bunduki za pande zote mbili na za majenerali wenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Majenerali Vendulka hakuwatazama mara mbili. Alitafuta msitu mmoja. Barua ya mwisho ya mumewe, Matouš, ilisema kikosi chao kimelala kando ya msitu huo, wanakula cheri na kusubiri. Kwenye ramani msitu ulikuwa mtupu.

Akapaka humo kisanduku cha njano, alama ya kikosi, kidogo kama punje ya shayiri. Karatasi ya kwanza aliipaka akichungulia mlango. Kufikia ya mia na arobaini mkono ulikuwa umezoea.

Apolena aliona tangu ya tatu. Alipaka samawati yake taratibu, akiuacha msitu ule upumue.

Mzee Kubát ndiye aliyelinganisha karatasi na kielelezo.

"Vendulka! Unamwongezea kaisari askari? Meja anakuja kesho. Akikataa, mama, utavua aproni uende nyumbani, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Kesho yake meja aliinamia meza na lenzi yake.

"Nani ameweka kikosi hapa?"

"Mimi, bwana meja. Mume wangu alikuwa humo."

"Ramani huchorwa kwa ripoti za maofisa. Kikosi hicho hakikuleta ripoti."

"Nani angeileta? Hakurudi hata mmoja wa kushika kalamu."

Meja alifuta lenzi iliyokuwa safi tayari.

"Tena umekosea," alisema hatimaye, na Vendulka akashika fundo la aproni. "Hapo walilala tu. Asubuhi walipanda hadi huku juu. Niliwaona kwa darubini, nikiwa kwenye kilima cha pili."

"Mbona hukuwaweka, basi?" Apolena alidakia.

"Sikuwa na karatasi ya ushahidi, bibi. Nilikuwa na macho tu."

"Sasa una macho na barua," alisema Vendulka, akiitoa barua ya Matouš mfukoni mwa aproni.

Meja aligonga ukucha kwenye mlima ulio juu ya msitu, akamgeukia Kubát. "Wawekwe hapa. Kwenye nakala zote mia tatu."

Siku tatu Vendulka alikwangua visanduku vya zamani kwa kisu na kusugua mabaki ya rangi kwa mkate mkavu, kifutio cha karakana. Apolena alimsaidia, ingawa hakuna aliyewahi kugusa rangi ya mwenzake katika karakana ile. Kisha Vendulka akachovya brashi na kupaka juu kabisa, mahali palipogongwa ukucha.

"Umbali wote huo!" alisema, akicheka huku machozi yakimlenga. "Na nyumbani ngazi za ghorofa ya nne zilikuwa zinamshinda Matouš wangu."