Mashine Haijui Kumwombea Mchawi Radhi

Miaka sita umekaa sebuleni ukimlaani mchawi wa tamthilia ya kigeni ya Ufalme wa Miiba, na hata siku moja hujajiuliza anayemsemea Kiswahili ni nani. Wimbo wa mwisho ukianza tu, wewe huyo, umeinuka. Leo kaa.

Saa tatu asubuhi. Chumba ni kidogo kama bafu, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni limening'inia blanketi. Mwanamke wa miaka hamsini na minne anavua viatu, maana vinalia. Anafungua leso, anatoa kifungo kikubwa cha koti, anakitia kinywani na kukibana shavuni, anasogelea maikrofoni. Mara chumbani mna ajuza mwenye mapengo, anaapa kuikausha mito yote ya ufalme.

Hivyo ndivyo alivyomsemea mchawi kwa sehemu mia moja arobaini na mbili. Mtaani ni Bibi Mwiba. Watoto wakimwona sokoni hujificha nyuma ya mama zao, kisha huchungulia na kumwomba acheke kidogo.

"Nacheka, nifanyeje?" anasema. "Nikikataa nitaonekana mbaya kuliko mchawi mwenyewe."

Imebaki sehemu moja, ya mwisho. Laana inavunjika, ajuza anarudia usichana wake, na kwa mara ya kwanza anamwomba radhi dada yake ambaye yeye mwenyewe alimgeuza jiwe. Wiki tatu nzima Bibi Mwiba ameifanyia mazoezi jikoni, binti yake akisoma maneno ya dada.

Kumbe asubuhi hii ameitiwa kurekodi tangazo tu. Sehemu yenyewe imeshafanywa. Kituo cha televisheni kimechukua rekodi zake zote, kikailisha kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyomalizia.

"Mama, usichukulie vibaya," meneja wa kituo anamwambia. "Sauti ni ileile yako. Tumekupunguzia uchovu."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Fundi sauti, aliyefanya naye kazi tangu sehemu ya kwanza, anawasikilizisha bila kumtazama mtu usoni. Kwenye skrini mikunjo inatoweka, nywele zinakuwa nyeusi, msichana mbichi wa miaka ishirini anafumbua kinywa. Inatoka sauti ya kibogoyo.

"Mashine haijawahi kumsikia mama bila kifungo," anasema fundi sauti. "Kila tulichoipa, kifungo kimo."

"Watazamaji hawatajua," anajibu meneja. "Watakuwa wanalia."

Rudia sentensi hiyo polepole, maana inakuhusu wewe. Ndiyo iliyosemwa wachoraji wa mabango ya sinema walipofukuzwa. Ndiyo iliyosemwa michezo ya redio ilipozimwa na waigizaji wake wakaambiwa wakapumzike. Kila mara wakubwa walitazamia tunyamaze, na kila mara tuliwatii.

Je, aliulizwa? "Niliambiwa rekodi zinahifadhiwa," anasema Bibi Mwiba. "Nikadhani kama mtu anavyohifadhi picha za harusi. Sikujua kuna siku zitakuja kukaa kwenye kiti changu."

Binti yake alimshauri aachane nao, asije akapandisha presha bure. Alimjibu, "Mwanangu, miaka sita nimewafanya watu wamchukie yule mwanamke. Sasa anataka kusema nisamehe. Nimwachie nani?"

Hana mpango mkubwa. Anataka saa moja ndani ya chumba kile, bila kifungo, kwa sauti yake mwenyewe aliyozaliwa nayo. Fundi sauti amesema yuko tayari kubaki baada ya kazi. Linalokosekana ni ruhusa ya meneja, na meneja anaogopa kitu kimoja tu: simu za watazamaji.

Sehemu ya mwisho itarushwa Jumapili. Ijumaa saa kumi inafungwa, na baada ya hapo haiguswi tena. Namba ya kituo unaijua. Inapita chini ya skrini kila jioni, na ulishaipiga ukitaka zawadi. Ipige leo. Waambie unajua, na unamtaka Bibi Mwiba aseme mwenyewe. Wakikwambia usubiri, usikate. Subiri hapo hapo mpaka meneja ashike simu.