Mawe ya Kuweka

Mwaka 2012, habari za mafuta zilipofika Lodwar, kila mwenye uwezo alitaka kujenga nyumba za kupangisha. Kaka yangu alipata kazi ya usimamizi kwenye ploti iliyokuwa nyuma ya mtaa wetu. Katikati ya ploti hiyo kulikuwa na rundo la mawe juu ya makaburi ya zamani, na kila Mturkana aliyepita pale aliokota kijiwe akakiweka juu yake. Sisi, watoto wa mwalimu aliyehamishwa kutoka "Kenya", kama wenyeji walivyoyaita maeneo yote ya kusini, tulipita bila kuweka kitu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, sikuamini chochote. Nilimuuliza mama jirani, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nani hasa amelala pale. Akasema mama ya bibi yake. Nikamuuliza anajuaje.

"Na wewe, baba ya babu yako ulionyeshwa?" akaniuliza, akacheka.

Kaka naye nilimuuliza kwa nini nyumba zisianzie mbele kidogo. Akasema ramani imeshapitishwa, na maswali yangu hayajengi hata choo.

Asubuhi ambayo tingatinga lilitarajiwa, wanawake wa mtaa walikuja kuwaaga wafu wao. Kila mmoja alikuwa na jiwe mkononi. Nilisimama kwenye lango la mabati, nikaona jinsi vijana wa ujenzi, karibu wote wageni, walivyoyatazama yale mawe. Mmoja akasema hawa wamekuja kutuua. Nikamwambia kaka kwamba wanakuja kuweka tu, awaache wapite.

"Jiwe la kuweka hushikwa hivyo?" akasema.

Jirani alikuwa wa kwanza. Alinyoosha mkono kuelekea rundo, na kaka, aliyekula kwake utoto mzima, akaupiga kwa nondo. Nilisikia mfupa kabla ya kumsikia yeye.

Mawe yaliyokuja kuwekwa yakarushwa. Yalipoisha, watu wakaligeukia rundo lenyewe. Wanaume walikuja mbio kutoka sokoni, wakayachota mawe ya makaburi kwa mikono miwili. Wajenzi wakayaokota yaleyale na kuyarudisha. Fundi mmoja alipasuliwa taya. Kijana wa mtaa alikatwa begani kwa sepetu. Kaka alipigwa kisogoni, akaanguka, wakaanza kumkanyaga. Nikamlalia juu, nikapigwa mateke mpaka polisi walipofyatua mabomu ya machozi.

Tingatinga lilipofika halikuwa na cha kuondoa. Rundo lilikuwa limetapakaa barabarani na juu ya mapaa.

Kaka alipelekwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kichwa kimefungwa bandeji, na hakuthubutu kurudi. Mwaka uliofuata bado alikuwa akibeba magunia ya mfanyabiashara mmoja kutoka Sudan Kusini, sikio moja halisikii.

Jirani, mkono ukiwa kwenye plasta, alizunguka mtaani akiokota mawe na kuyarundika kando ya mlango wake, kwa kuwa ploti ilikuwa imezungushiwa mabati mapya. Nilimfuata. Nikamuuliza anajuaje lipi la kaburi na lipi la barabara.

"Kama hujui, weka yote," akasema, akanipa moja.

Nikalitazama. Lilikuwa na damu iliyokauka, na nywele zimenasa ndani yake. Sikuuliza ni za nani. Nikaliweka.