Kibuyu cha Nyakume

Bendera yetu ya Sudan Kusini ilikuwa haijapauka hata rangi, tukaanza kuchinjana. Mwaka 2014 karibu wote niliumalizia kambini Bentiu, maji ya mvua magotini, nikiwa jirani wa Nyabiel. Alikuja na mama mkwe wake, Nyadak, na mwanawe Duop mgongoni. Binti yake mkubwa walimzika njiani.

Turubai la pembeni akapewa Nyakume. Balaa gani hiyo! Kaka yake Nyakume ndiye aliyemchoma mkuki mume wa Nyabiel, wakigombea malisho, kabla ya vita. Ng'ombe wa fidia ya damu walilipwa nusu, waliobaki wakaporwa na askari. Na sisi Wanuer, damu isipomalizwa, hamli pamoja wala hamnywi chombo kimoja. Ukinywa, unakufa. Basi wakaishi wakipeana migongo.

Kuhara kukaingia kambini. Duop akaharisha mpaka macho yakatumbukia. Bomba kavu, njia ya zahanati imemezwa na mafuriko. Nyakume peke yake ndiye aliyekuwa na maji yaliyochemshwa. Akayatia chumvi na sukari, akaja nayo kwenye kibuyu chake.

"Mpe mtoto, dada."

Nyadak akaruka. "Toka na uchafu wako! Mmemla baba, sasa mnamtaka na mwana?"

"Mama, nimeyachemsha."

"Hata ungeyachemsha mwaka mzima!"

Mimi uvumilivu ukanishinda. "Haya, bishaneni tu! Mtoto huyo anaondoka!"

Nyabiel akanyoosha mkono. Akakipokea kibuyu, akanywa yeye kwanza, macho kwa mkwewe.

"Kama ni kufa, nianze mimi."

Kisha akamnywesha Duop, tone kwa tone. Mtoto akitapika, anamnywesha tena. Jioni mtoto akakojoa; maji yalikuwa yameanza kumkaa mwilini. Jamani, sijawahi kushangilia mkojo vile! Nikapiga kigelegele huku nalia.

Nyadak alikuwa anakunja mkeka wake.

"Umenywa kwa waliomuua mwanangu. Mimi na wewe hatuli tena chungu kimoja. Wala huyo mtoto."

"Sawa, mama. Mtama nitakuletea, upike mwenyewe." Nyabiel hakuinuka. "Mimi nimechoka kuzika."

Bibi akaingia majini na mkeka kichwani. Duop akamwita kwa kile kisauti kilichobaki. Bibi akasimama kidogo, mgongo kwetu, halafu akaendelea kutembea.