Tabasamu Nililomchorea Tita

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfanya mama wa mchumba wangu atabasamu.

Nilimpiga picha kwa simu jikoni kwake, Columbus, huku Marekani, siku niliyopelekwa kutambulishwa. Ni Mfilipino, muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache. Niliambiwa nimwite Tita, kama kwao wanavyowaita mashangazi. Niliporudi Louisville nikaamua kumchora kwa rangi za mafuta, nimpelekee zawadi, labda atanikubali.

Kuchora nimejifundisha mwenyewe kwa video, baada ya zamu ya ghalani, na sijawahi kumaliza picha bila kuifuta. Hii niliifuta kupita zote. Kila nikitazama simu niliona jambo moja: amebinua midomo. Ananidharau, nilijiambia. Anawaza: Mrundi wa kambi ya wakimbizi, mpakia maboksi, anamtaka binti yangu! Basi nikamrekebisha. Nikampa tabasamu la kadi ya Krismasi.

Nilimpelekea Columbus, akaifungua mezani.

"Mzuri," alisema. "Ni nani huyu?"

Mchumba wangu alicheka mpaka akashika meza. Njia nzima ya kurudi niliamini uchumba umekufa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa mama yangu, mtaa wa Beechmont, hapa hapa Louisville. Yeye anasonga ugali, mimi naonja maharage.

"Mama, chumvi iko wapi?"

Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mwiko. Alichomoza midomo kuelekea dirishani, nami nikaenda kuichukua, kama nilivyofanya tangu utotoni. Nikasimama na kopo mkononi.

"Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mdomo."

"Marekani imekuingia kichwani wewe. Lete chumvi!"

Nikafungua simu. Midomo ya Tita haikunielekea mimi hata kidogo. Ilielekea pembeni, kwenye sahani ya zile sambusa zao ndefu. Alikuwa ananiambia nile.

Nikamchora upya, nyusi juu, midomo mbele, sahani nikaiacha nje ya fremu. Niliipeleka Buffalo, anakoishi kaka wa mchumba wangu, ambako kanisa lao la Wafilipino lilikuwa na maonyesho madogo ya sanaa ukumbini. Nilisimama nyuma ya nguzo. Akina mama wa Kifilipino walifika mbele ya picha, na kila mmoja akageuza kichwa kushoto kutazama alikoonyeshwa.

"Chakula kiko huko?" mmoja akauliza, wakaangua kicheko.

Tita, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe, alifika mwisho. Hakuisifu. Alinitafuta kwa macho, akainua nyusi, akachomoza midomo kuelekea kiti kilichokuwa kando ya chake. Nikaenda nikakaa.

Bado nafuta sana, na usiku wa kuamkia maonyesho bado silali. Lakini Tita sasa ni mama mkwe wangu, na midomo ya watu siirekebishi tena.