Kikombe cha Mchimba Kisima

Mtaa mzima ulimwita Fuko, na mwenyewe hakuona tusi. Mtu anayekula kwa kuingia ardhini, kutwa yumo shimoni na udongo masikioni, angeitwaje, Tausi? Alikuwa mchimba visima, mfupi, mpana wa mabega, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia sururu. Watani wake walikuwa na mzaha mmoja tu, hawauchoki: wakimwona na mtaimbo begani wanamkumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Naye hakuchoka kujibu.

"Nisipoingia mwenyewe nimtume nani? Wewe na tumbo hilo?"

Kazi yake ilikuwa na sharti alilolirithi kwa fundi aliyemfundisha. Maji yakionekana, mwenye nyumba hufunga kikombe kitupu kwenye kamba akakishusha, na mchimbaji akachota na kunywa hukohuko chini, watu wote wakichungulia. Maana yake: maji haya nimeyatoa mimi, kama yana ubaya na uanze na mimi. Asiyekunywa hapandi. Fuko kwa mtindo huo alikuwa amekunywa tope la kila nyumba ya mtaa ule, na alikuwa akiwaambia watu kwamba tope la nyumba fulani lilikuwa tamu na la nyumba fulani lilikuwa chungu kama mdomo wa mwenyewe.

Kisima chake cha kwanza kabisa alimchimbia dada yake. Mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyemlea, akamfulia, akamlisha, akamchapa inapobidi. Dada alikuwa dobi, mashuka ya nyumba ya wageni na taulo za vinyozi zikipepea uani mwake tangu asubuhi. Kisima kilikuwa kifupi, maji yako karibu, ukiinama unauona uso wako. Kwa kisima kile alimuuguza mume hadi akamzika, akaozesha binti, na hakumpigia mtu hodi kuomba chumvi. Akiulizwa ataishije mjane kama yeye, alisema ana vitu viwili, mdogo wake na kisima, na vyote viwili havina maneno mengi.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia, maana halikuingia kwa kishindo. Jirani mmoja aliona kisima cha mwenzake kina maji mengi, akamwita Fuko, akamwambia, nichimbie kupita kile. Fuko akachimba kupita kile. Wa tatu naye akataka kupita cha wa pili. Ndivyo walivyo watu, hata kwenye shimo wanataka kuzidiana! Na Fuko kila mara alishuka kidogo zaidi, akanywa kikombe chake, akapanda akicheka. Kwamba maji yale ya chini ni sinia moja, na mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba, alilijua kwa mikono, ila kichwani hakutaka likae. Maji ni ya Mungu, alikuwa akisema, hayaishi.

Na juu ya ardhi nako walikuwa hawakulala. Miti ya mlimani ilikatwa yote, nyumba zikapanda, na kila mwenye ua akaumwagia saruji ili asikanyage matope. Mvua ikinyesha, maji yanateleza kwenye saruji, yanaingia mtaroni na kwenda zake mbio kama yana miadi. Chini halishuki tone. Watu wakasifu mtaa umekuwa safi.

Wa kwanza kukaukiwa alikuwa mwoka mikate, ambaye ukuta wake umeshikana na wa dada. Akamwita Fuko amshushie kisima chini zaidi. Fuko akasimama ukingoni, akatazama kule chini, kisha akatazama mashuka ya dada yake yakipepea upande wa pili wa ukuta. Akakataa. Hakuwa amewahi kukataa kazi maishani mwake.

"Nikikushushia wewe, jirani, namkausha dada yangu," alisema.

Mwoka mikate hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Alijibu taratibu, unga mikononi.

"Na changu kimekaushwa na nani, fundi? Wale wa bondeni amewachimbia nani?"

Aliwachimbia Fuko mwenyewe.

"Basi niambie nifanyeje. Nizime tanuri, wafanyakazi wangu wakale wapi?"

Wewe ungemwambia nini?

Kuanzia hapo Fuko akageuka mhubiri. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wateke kwa zamu, wavunje saruji kidogo uani, wachimbe makingamaji mvua ipate kuzama. Akajitolea kuchimba yeye, bure. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha viti, kisha akitoka wanacheka: Fuko ameshiba, sasa anatufunikia chungu. Mmoja alisema atavunja saruji yake jirani akianza kuvunja yake, na jirani akasema hivyohivyo, na kwa hivyo saruji zote zikabaki pale pale. Akaenda hadi ofisi ya maji. Karani akamwambia kwa upole kwamba kibali cha mwoka mikate cha kuleta mtambo kimeshatoka, na yaliyotoka hayarudi.

Mtambo ukaja juu ya lori, ukanguruma mpaka vyombo vikatetemeka kabatini. Kazi ambayo Fuko angeifanya kwa miezi, ule uliimaliza kwa siku moja ukaondoka. Ulipita kina cha visima vyote vya mtaa, ukapita na mwamba, ukanywea chini kusikofika sururu. Mwoka mikate, roho yake ikimsuta, akaweka bomba nje ya geti lake, kila mtu achote bure. Foleni yake ilianzia alfajiri.

Haukupita muda ndoo ya dada ikaanza kurudi na mchanga, kisha ikarudi tupu. Kwa foleni ndefu ya bomba unapata maji ya kunywa na kupikia. Hufui mashuka ya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshatuma salamu kwamba mashuka yasipokuwa tayari kesho atatafuta dobi mwingine. Yalikuwa yamelundikana barazani, yamefunika kiti.

Dada akamwita mdogo wake. Fuko alimweleza yote, hakuficha, wala mwamba ulioko chini, usiopasuliwa na sururu, hakuuficha. Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ni Fuko au si Fuko?" akauliza. "Shuka."

Akashuka. Mwenzake wa siku zote, mvuta kamba, mtu asiye na maneno, alimteremsha kwa kapi. Fuko alichimba kutoka asubuhi, ndoo zikapanda na mchanga mkavu, moja baada ya nyingine. Adhuhuri mtaimbo ukagonga, ukalia. Akagonga kando, ukalia. Akazunguka shimo zima akigonga, na kila pahali ukalia mlio uleule. Akapiga magoti, akabandika kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa kavu. Akaona haya kama mtoto, akaona hasira, na hakuna wa kumkasirikia ila watu wote na yeye mwenyewe.

Juu kichwa cha dada kikaziba mwanga.

"Umefika?"

Fuko alikaa pale chini, mgongo ukutani, mtaimbo mapajani. Alijua akipanda mikono mitupu kisima kimekufa, na akiendelea kukaa kimekufa vilevile, lakini angalau hajalisema. Mvuta kamba alitikisa kamba mara mbili kumuuliza. Fuko hakuigusa.

Kisha akaona kikombe kinashuka, kinazunguka polepole kwenye kamba, kile kile cha bati cha siku ya kwanza. Roho ikamuuma kuliko mwanzo, akidhani dada bado anangoja maji. Akanyoosha mkono kukipokea, na kitu cha baridi kikamwagikia kifundoni mwa mkono. Kikombe kilikuwa kimejaa. Yalikuwa maji ya bombani, maji ya mwoka mikate.

"Kunywa, mdogo wangu," dada alisema kutoka juu, sauti yake ya kawaida kabisa. "Kunywa, upande."

Akanywa hadi tone la mwisho, akatikisa kamba wamvute. Alipofika juu alimkuta dada ameshaanza kufungua kamba za kuanikia nguo, anazikunja moja moja aziweke kando.